Ukali wa Makonyo

Ukifika Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, harufu ya kiwanda cha makonyo hukupokea kabla hujaliona jengo. Vikonyo vilivyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa hupitishiwa mvuke, mvuke ukapozwa, na mafuta yakajitenga na maji. Mafuta mengi ya mimea huelea. Haya ya makonyo huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji.

Sehemu yake kubwa ni yujenoli, ambayo madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Ndiyo maana kliniki nyingi za meno hunukia karafuu.

Siku hizi kila mara nasoma kwamba mafuta ya karafuu, mchaichai au mkaratusi yameua bakteria kwenye kisahani cha maabara. Ni habari njema, ila mimi sikimbilii kupiga vigelegele. Hata jiki huua bakteria, na hakuna anayeinywa. Wapo wauzaji wanaosema mafuta yao "hayana kemikali", kana kwamba yujenoli si kemikali kwa sababu tu imetengenezwa na mti! Mafuta hayo hayo ya karafuu huunguza ufizi yakizidi, na mtoto mdogo akimeza hata vijiko viwili vya chai, ini lake linaweza kuharibika.

Kinachonivutia zaidi ni mafuta ya mnanaa wa peremende, yanayotumika kutuliza msokoto wa matumbo. Waliotengeneza vidonge vyake hawakuhangaika kuyaongezea ukali. Waliyavika ganda linalostahimili asidi ya tumboni, yasifunguke mpaka yafike kwenye utumbo. Nami nimelelewa na shangazi asiyejua kunyamaza: aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na mengi yaliunguza njiani kabla hayajafika. Tangu nijue habari za ganda lile, nikiwa na neno zito la kumwambia mtu, nafikiria kwanza litamfungukia wapi.

Karafuu nayo ina safari yake. Majani, makonyo na karafuu zenyewe hutoa mafuta yasiyolingana, na mavuno hutofautiana, ilhali mgonjwa wa leo na wa mwakani wanatakiwa kupata kipimo kilekile. Ningekuwa na fedha za utafiti, ningeanza na wanaosumbukia kipimo hicho na ganda la kukibeba. Wenye visahani wangesubiri kidogo.