Bati la Milimani Halivuji

Nimeezeka nyumba nyingi mjini Baraka, kando ya ziwa, na nyingine huko juu Fizi na upande wa Minembwe. Huku ziwani, kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, mwenye nyumba analalamikia joto. Kule milimani upande wa Minembwe, zaidi ya mita 2,000, analalamikia maji, tena mwezi wa saba, mvua imeshakatika: "Fundi, bati lako linavuja."

Halivuji. Usiku wa kiangazi, anga likiwa jeupe, bati linapoa kuliko hata hewa ya nje. Chini yake sufuria imechemka, watu wamelala. Pumzi ya watu wazima sita hadi asubuhi inabeba maji mengi. Hewa hiyo inapanda, inagusa bati, inageuka umande. Panda na tochi alfajiri: matone yamening'inia kwenye ncha za misumari, kila ncha na kutu yake, na mbao zimeota kuvu nyeusi. Yanayodondoka ni maji ya kahawia, yamechukua masizi.

Wengi wanatandika shitingi ya plastiki chini ya bati na kuziba matundu yote. Hapo mbao zinaoza bila mtu kuona.

Mimi nasuka dari la mianzi, ambayo misitu ya Itombwe inayo kwa wingi, halafu juu yake natandaza udongo uliokandwa na nyasi. Naziba kila ufa dari linapokutana na ukuta. Kazi yote iko hapo. Juu ya dari naacha matundu pande mbili, upepo upite. Vijana wananibishia kwamba upepo utaleta baridi. Baridi inazuiwa na udongo. Upepo unaondoa unyevu uliopenya.

Ndugu zetu wa Fizi waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambao leo wako Marekani kwenye theluji, wanakuta hata mapaa yasiyo na tundu. Huko povu linapulizwa likashikamana na paa lenyewe, hewa ya ndani isifike penye baridi. Sisi tusio na povu hilo tusiige kuziba peke yake.

Mwenye nyumba wa milimani, kabla hujanunua lami ya kupaka misumari, chunguza kama maji yanadondoka usiku usio na mvua. Yakidondoka, mwambie fundi aache bati, atengeneze dari. Na kwa kuwa dari limezibwa, jiko la makaa litoe chumbani kabla ya kulala: hewa yake inaua.