"Pita" na "anapita"

Gari la mjomba wangu lina volani kuume. Lilitoka Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, likaingia kwa Kasumbalesa kama mengine mengi ya hapa Lubumbashi. Lakini sisi tunatembea kuume kwa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa mfereji, na akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari iwe imeisha kutoka. Anayeona ni aliyeketi kushoto.

Jioni ile, kwenye barabara ya Kasapa, mimi niliendesha na mjomba aliketi kushoto. Lori lilikuwa mbele yetu, madirisha wazi, vumbi na kelele. Nikauliza: "Mjomba, kuko namna gani?" Akajibu: "Anapita." Mimi nikasikia: "Pita." Nikatoka.

Manseba alikuwa anakuja, mama mmoja nyuma yake. Alitukwepa, akaingia kwenye changarawe, akaanguka. Mama alisimama mwenyewe. Yeye hakusimama, pikipiki ilikuwa juu ya mguu wake, na bomba la moshi lilikuwa linamchoma.

Tulimpeleka hospitali. Mjomba alilipa dawa, na pia pesa ambayo kijana yule humrudishia mwenye pikipiki kila jioni, kwa wiki tatu. Familia ya mama yangu ni ya Kasai, na kwa Kiciluba manseba ni ndugu wa kiume wa mama. Pale kwenye benchi mjomba aliniambia, bila kucheka: "Umeangusha mjomba wako."

Nimerudia maneno yale mawili mara nyingi tangu siku hiyo. Mkazo uko palepale, kwenye silabi ya pi. Ana- haina mkazo, injini inaimeza bila shida. Darasani nimeipigia mstari mara ngapi, kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati, na kupata alama nzuri!

Wenzangu wenye magari husema manseba wanajitakia: wanapenya kila upande, usiku bila taa. Wako wanaofanya hivyo. Yule alikuwa katika upande wake, na taa yake ilikuwa inawaka.

Sasa ndani ya gari letu aliye kushoto anasema "ngoja" au "wazi", basi. Nikisikia nusu, ninabaki nyuma ya lori na moshi wake, hata walio nyuma wakipiga klakso namna gani.

Bado kuna mlango. Kwa gari kama letu abiria anashukia upande wa barabara, palepale pikipiki zinapopita. Juzi nilisimama mbele ya duka la mkate, nikazima injini. Mjomba alishika mlango, akageuka kutazama nyuma, akasahau mapatano yetu.

"Anapita," akasema.

Mara hii nilisikia neno zima. Manseba alipita karibu kabisa na kioo, mtoto wa shule nyuma yake, kisha mjomba akafungua.