Kiritiri: Kila pikipiki na saizi yake

Ukitoka mjini Embu kwenda Kiritiri, kitu cha kwanza kubadilika ni joto. Barabara inateremka kupitia Gachoka, mashamba ya kahawa yanabaki nyuma, migomba inapungua, na kabla hujaimaliza soda uliyonunua steji ya Embu tayari umeingia katika nchi ya migunga, mbuzi na vumbi. Huko ndiko Mbeere. Watu wake hulima mtama, kunde, ndengu na, siku hizi kupita vyote hivyo, muguka. Ukizidi kuifuata barabara utafika bwawa la Kamburu, ambalo limekuwa likitoa umeme wa Mto Tana tangu 1974, lakini safari yangu haikufika huko. Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kiritiri miaka 26 iliyopita, na kilichonipeleka ni ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulihusu pikipiki.

Anayeshuka kwenye matatu pale Kiritiri hulakiwa na pikipiki kabla hajasalimiwa na mtu. Jumamosi ile nilihesabu 31 kando ya barabara, kisha nikachoka kuhesabu. Nyingine zimefungwa mwavuli, nyingine zina redio, moja ilikuwa na picha ya simba kwenye tenki. Lakini ukiangalia injini, zote ni za cc 100, cc 125 au cc 150, basi. Kubwa kuliko hapo huioni. Sababu mojawapo ni kodi. Mwaka 2008 serikali iliziondolea VAT pikipiki zenye injini chini ya cc 250, na tangu hapo hata vijiji ambavyo matatu havikuwahi kufika vikapata bodaboda.

Mpwa wangu ni mmoja wa vijana wa steji hiyo. Ana miaka 22, amemaliza kidato cha nne, na anaendesha cc 100 ya tajiri anayempelekea hesabu ya shilingi 300 kila jioni. Asubuhi hubeba wanafunzi na akina mama wa sokoni. Mchana hubeba muguka kutoka mashambani, na hapo ndipo mambo huharibika. Muguka hutafunwa ukiwa mbichi; ukilala hauna bei. Pikapu zinazoupeleka mbali hazimsubiri mtu. Kwa hiyo kila mchana barabara za vumbi hugeuka uwanja wa mashindano, magunia mawili nyuma, mbuzi mbele, bila refa wala kipenga. (Mei 2024, kaunti za Pwani, Mombasa ikiwa mbele, zilipotangaza kuupiga marufuku muguka, habari hiyo iliitikisa Mbeere nzima. Dada yangu ndiye mtu pekee niliyemsikia akisema afadhali. Hakumaanisha, karo ya wadogo wa kijana hulipwa na magunia hayo hayo.)

Katika mojawapo ya mbio hizo kijana alikuwa akifukuzana na rafiki yake mwenye cc 150. Penye kona ya changarawe gurudumu la mbele likateleza. Akavunjika mtulinga, akakaa nyumbani wiki saba. Rafiki yake hakuumia, na alifika kwenye pikapu wa kwanza.

"Ndugu yangu," dada aliniambia hata kabla sijanywa maji, "wewe ndiye anayekusikia. Mwambie airudishe pikipiki kwa mwenyewe."

Nikamwita kijana nje, chini ya mwembe. Alinisikiliza kwa adabu, mkono ukiwa bado kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Mjomba, mimi sikuanguka kwa sababu ya mbio. Nilianguka kwa sababu yake ni mia moja hamsini."

Nilitaka kucheka. Baadaye nikaona kwamba hilo ndilo jambo ambalo waandaaji wa mashindano ya pikipiki duniani wamekuwa wakilihangaikia miaka yote.

Hiyo cc tunayoitaja kila siku ni kipimo cha nafasi ambamo pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Nafasi ikiwa kubwa, hewa na petroli inayoingia ni nyingi, na msukumo wake ni mkubwa vilevile. Boxer ya cc 100 ina nguvu za farasi zipatazo 8. Ile ya cc 150 ina 12 hivi. Kwenye tambarare mwenye 8 hawezi kumpata mwenye 12 hata akilala juu ya tenki. Mahali pekee anapoweza kuzirudisha zile sekunde alizopoteza ni kwenye kona, kwa kuchelewa kushika breki. Basi huchelewa. Mara ya kwanza hufaulu, mara ya pili pia.

Shemeji, ambaye alikuwa kimya muda wote akikuna kichwa cha mbwa wake, alituambia kisa ambacho kijana hakukijua, maana hakuwa amezaliwa. Katika mbio za Safari Rally za 1993 dereva wetu Patrick Njiru alipewa Subaru Vivio, gari dogo la cc 660. Mshindi alikuwa Juha Kankkunen wa Ufini kwa Toyota Celica ya cc 2000 yenye taboni. Njiru alimaliza wa 12. Lakini katika kundi lake la magari madogo alikuwa wa kwanza, na watu walimshangilia kama mshindi. "Hakuna aliyemwambia amfukuze Kankkunen," shemeji akamalizia, na kurudi kwa mbwa wake.

Sikumhubiria kijana zaidi. Mtulinga ulipopona nilimtumia nauli, akaja Nairobi Jumapili moja, nikampeleka Jamhuri.

Wakazi wengi wa jijini wanaipita Jamhuri kila siku katika Barabara ya Ngong na kuifikiria kuwa ni mahali pa maonyesho ya kilimo tu. Humo ndani mna uwanja wa motocross: njia ya udongo inayojipindapinda, yenye vilima vya kurushia pikipiki hewani, na watazamaji wameketi ukingoni na vikapu vyao vya chakula. Wanaoshindana si wa kulipwa. Ni wanachama wa vilabu na watoto wao, chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, ambalo nalo liko chini ya shirikisho la pikipiki la dunia, FIM. Kilabu ukikitazama vizuri ni chama kama vyama vyetu vingine, ila hiki kinapenda kelele.

Walioanza ni watoto wa cc 50. Kulikuwa na mmoja wa miaka sita hivi, helmeti pana kuliko mabega yake, baba amemshikia kiti mpaka lango la kuanzia lilipoanguka. Wakafuata wa cc 65, kisha wa cc 85, na kadiri injini zilivyokua ndivyo waendeshaji walivyorefuka. Mwisho wakaja wakubwa, wale wa cc 250 na cc 450, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu.

Mpwa wangu alikuwa na maswali kuliko mimi niliyekuwa mwenyeji. Aliuliza kwa nini sheria inakubali cc 125 fulani ishindane na cc 250. Fundi mmoja aliyekuwa akikaza spoki karibu nasi akamweleza: ile ya 125 ni ya stroki mbili, plagi yake huwasha kila mzunguko mmoja wa injini, na ile ya 250 ni ya stroki nne, huwasha kila baada ya mizunguko miwili. Kwa hiyo ndogo hupiga mara mbili pale kubwa inapopiga mara moja. Kijana akaitikia kwa kichwa, na tangu hapo akawa anazitambua kwa harufu, maana stroki mbili huchoma oili pamoja na petroli.

Aliizunguka pia cc 450 iliyokuwa imepumzishwa. Haina taa, haina kioo, haina honi, haina keria. Uzito wake ni wa kilo mia moja na kitu, yaani nyepesi kuliko Boxer yenyewe ya cc 150, na nguvu zake ni za farasi zaidi ya 50. "Mjomba," akasema, "hii haiwezi kubeba hata debe la maji."

Kilichomgusa zaidi, hata hivyo, si injini. Mshindani mmoja alianguka nyuma ya kilima, mahali ambapo waliokuwa wakija hawangeweza kumwona. Mara mtu mwenye bendera ya njano akaipunga juu, na wote waliofika hapo wakapunguza kasi, hakuna aliyempita mwenzake mpaka yule kijana akainuka na kuondolewa njiani. Mpwa wangu aliniuliza mara mbili kama hiyo ni sheria au ni huruma. Nikamwambia ni sheria. Kwao, alisema, mtu akianguka ndipo wengine huongeza mafuta.

Kisha akauliza bei ya pikipiki. Aliyeulizwa akamwambia bila kuficha, na kijana hakusema neno tena mpaka tulipofika Adams. Nami sina jibu la kumpa. Mchezo huu unataka pikipiki isiyofanya kazi nyingine yoyote, gari la kuibeba, viatu, kinga ya kifua na shingo, na mzazi asiyeshtuka akiona risiti. Siwalaumu walio nazo. Lakini nimepanda bodaboda katika njia za Mbeere wakati wa mvua, na ninaamini kwamba baadhi ya waendeshaji hodari wa nchi hii wa barabara mbaya hawajawahi kuliona lango la Jamhuri. Kundi la pikipiki za kawaida, za cc 100 na cc 150 zinazobeba viazi, lingeongezwa hapo kwa gharama ndogo. Mbio za dunia zenyewe zilipoanza 1949 ziligawanywa tangu mwanzo: cc 125, cc 250, cc 350 na cc 500. Hata Jim Redman, aliyekuwa mkazi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alipata mataji yake sita ya dunia kati ya 1962 na 1965 kwa injini za 250 na 350.

Nilirudi Kiritiri Agosti. Ndengu zilikuwa zimevunwa, na shamba la shemeji kando ya mkondo lilikuwa wazi. Vijana wa steji walikuwa wameliomba kwa Jumapili moja. Shemeji alikubali upesi. Dada alikataa siku tatu, kisha akatoa masharti: hakuna kubeba mtu, hakuna kupanda bila helmeti, na yeye asiitwe kutazama.

Walijitokeza 11: watano wa cc 100, wawili wa cc 125, wanne wa cc 150. Helmeti zilizofaa zilikuwa tano. Hapo faida ya makundi ikaonekana hata kwa waliokuwa wakiicheka, kwani kundi moja lilipomaliza lilivua na kulipa jingine. Njia ilichorwa kwa vigingi na kamba za katani, mizunguko sita. Mpwa wangu wa kike, wa darasa la saba, alisimamishwa kwenye kona mbaya na kitambaa cha njano. Chupa za soda nililipa mimi.

Mbio za cc 100 ndizo zilizoleta kesi. Mmoja wao alikuwa amebadilisha sproketi ya nyuma akaweka kubwa zaidi, kama wafanyavyo wanaopanda milima na mizigo. Alitoka kama risasi. Kwenye ule upande mnyoofu injini yake ikalia mpaka ikakosa la kufanya, akapitwa na wawili, akawapata tena kwenye kona, akashinda kwa urefu wa tairi. Walioshindwa wakadai hilo si kundi lao. Fundi wa steji, ambaye ndiye aliyekuwa refa, akafikiri, akatema mate, akaamua kwamba sproketi si injini. Mpwa wangu alikuwa wa tatu.

Baada ya cc 150 kumaliza, rafiki yake, yule yule, akataka mbio moja ya wote ili ijulikane nani ni nani. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama kijana, mkono wake ulikuwa umeshagusa mtulinga bila yeye kujua.

"Kimbia na wenzako," akamwambia, na kwenda kuchukua soda.

Jioni dada alipokuwa akianua nguo alisimama ghafla kwenye kamba. "Nani kachukua leso yangu ya njano?" Hakuna aliyejibu. Binti alikuwa ameshaikunja, ikiwa na vumbi la kona nzima.

Jumatatu mchana kijana akanipeleka steji, mkoba wangu ukiwa mbele yake juu ya tenki. Tulipokaribia ile kona ya changarawe, honi ikalia nyuma yetu, na rafiki yake akatupita na magunia mawili, akicheka. Nilisikia injini yetu ikibadilisha sauti. Kijana alikuwa ameongeza mafuta. Nikamgusa bega, lile zima. Akapunguza, ingawa si sana.

Matatu ya Embu ilikuwa imebakiza kiti kimoja.