Mlandege, kijiwe cha wanaosubiri majibu

Kipupwe kikiingia Iringa, wazee wa Mlandege huanza siku kwa kuota jua. Kwenye benchi la mbao mbele ya duka, makoti yamefungwa mpaka kooni na bao liko katikati. "Kamwene," anasalimu anayefika, naye anaitikiwa na kusogezewa nafasi.

Mmoja wao, seremala wa miaka 71, ana wiki tatu anacheza vibaya. Anasahau hata zamu yake. Wenzake walidhani ni mambo ya shamba, kumbe ni karatasi iliyokunjwa mfukoni: kipimo cha damu cha PSA kimesoma juu, amechukuliwa kinyama cha tezi dume, ameambiwa asubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakommaliza. Mchana ana bao, usiku hana kitu. Anaamka mara nne kwenda haja ndogo, na kila akirudi kitandani anahesabu: mahindi yaliyobaki, ada ya watoto, nani atamalizia milango ya mteja. Mkewe ameona ugali unarudi jikoni. Akiuliza anajibiwa, "Mgongo tu, mama." Mabinti hawajui lolote, kwa baba wa umri huo, habari za mkojo hazisemwi mbele ya binti, sembuse mkwe.

Aliyepenya ni mjukuu, kwa kuwa ni mtani wake. Alimwuliza waziwazi kwa nini anakwenda chooni kama mlinzi anayekagua lindo. Mzee alicheka, kisha akaitoa karatasi.

Mjukuu akaenda naye kwa daktari, akauliza alichoogopa babu: PSA ikipanda ndiyo saratani? Si lazima. Tezi iliyotanuka kwa umri huipandisha, maambukizi nayo vilevile, ndiyo maana kinyama huangaliwa maabara kwa hadubini. Mzee alikwishaelezwa hayo siku ya kwanza, ila aliyetajiwa neno saratani mara nyingi hasikii yanayofuata. Heri wangekwenda wawili tangu mwanzo.

Kisha kuna Ocean Road. Taasisi hiyo ikitajwa tu, mtu wa Iringa analiona basi likiteremka Kitonga, safari ya karibu kilomita 500 hadi Dar es Salaam, na anaanza kuwaza nauli na ndugu wa kufikia. Wapo waliotibiwa huko wakarudi, lakini kijiweni wanaohesabiwa ni wasiorudi.

Faraja za haraka hazikumsaidia. "Usiwaze, mzee mwenzangu" ilimnyamazisha tu. Lililomsaidia ni swali la kila asubuhi, "Umelala?", na mwulizaji kungoja jibu. Siku moja mwenzake akasema kwamba naye alipimwa mwaka jana, hakumwambia mtu. Kete zikasimama muda mrefu.

Majibu ni Ijumaa. Mjukuu ameomba ruhusa kazini. Mkewe, aliyeambiwa hatimaye Jumapili jioni, ameshafua shati la kwendea. Kijiweni wamekubaliana bao lisianze mpaka arudi.