Kilima cha Samarkand na Sini ya Digrii Moja

Wageni wengi wa Samarkand, mji wa kale wa Uzbekistan, huishia kwenye uwanja wa Registan, wakistaajabia vigae vya buluu. Wachache huendelea kaskazini-mashariki hadi kilima kilichobeba kituo cha kutazamia nyota cha Ulugh Beg, mjukuu wa Timur. Kilichosalia ni kidogo: handaki lenye kipande cha tao kubwa lililopimia kimo cha jua. Ulugh Beg aliuawa mwaka 1449 kwa njama ya mwanawe wa kumzaa, kituo kikaachwa kibomoke, na mabaki yake hayakufukuliwa hadi mwaka 1908.

Hapa alifanya kazi Jamshid al-Kashi, aliyefariki mwaka 1429. Barua alizomwandikia baba yake zimehifadhiwa, nazo zinasimulia mijadala ya wanazuoni wa mji huu. Lakini lililo adhimu zaidi kwake ni hesabu moja.

Majedwali ya nyota, ambayo kwayo hukokotolewa nyakati za sala na uelekeo wa kibla, yalihitaji sini ya digrii 1. Sini ni uwiano wa upande unaokabili pembe kwa upande mrefu wa pembetatu mraba. Ile ya digrii 3 hupatikana kwa jiometri ya kale. Ya digrii 1 haipatikani kwa rula na bikari. Al-Kashi akauacha mlango huo, akashika mlinganyo: sini itafutwayo ni theluthi ya jumla ya sini ya digrii 3 na mara nne ya mchemraba wa sini hiyohiyo itafutwayo.

Msomaji atauliza: vipi kisichojulikana kijitafute chenyewe? Jibu ni kwamba mchemraba huo ni mdogo mno. Uache kwanza, utapata 0.017445319. Rudisha namba hiyo mahali pa mchemraba, utapata 0.017452398. Rudia tena: 0.017452406, na tarakimu hizo tisa hazibadiliki tena. Kila mzunguko hupunguza kosa zaidi ya mara mia nane. Yeye alihesabu kwa mtindo wa sitini-sitini, bila mashine, akafikia usahihi wa takriban tarakimu 16.

Husikika katika mihadhara yetu kwamba Newton aliiba kanuni hii. Si kweli, na fahari isiyo ya kweli humdhalilisha anayesifiwa. Kanuni ya Newton, aliyoiandika mwaka 1669, ni nyingine, nayo kwa kawaida hukaribia jibu kwa kasi zaidi. Wala al-Kashi hakuwa wa kwanza kurudiarudia hesabu namna hii: Habash al-Hasib alifanya hivyo katika karne ya 9, kwa mlinganyo mwingine wa elimu ya nyota. Cha al-Kashi ni kuchagua umbo la mlinganyo ambalo kosa hujifisha lenyewe, na subira ya kulifuata hadi tarakimu ya mwisho.

Majedwali ya Samarkand yalikamilika mwaka 1437, yakiwa na sini kwa kila dakika ya digrii. Al-Kashi alikuwa amekwisha kuzikwa miaka minane.