Enzi za Gentamaisini

Miaka ya 1980, nilipoanza kazi kwenye maabara ya hospitali moja ya mkoa, Klebsiella, aina ya bakteria, haikututisha. Iliota kwenye sahani, mabonge yake yaking'aa, na ukiyagusa kwa kitanzi cha waya yanavutika kama mlenda. Unapanga vijikaratasi vya dawa juu yake na kuiacha kwenye joto usiku kucha. Asubuhi unakuta dawa ya gentamaisini imejizungushia duara pana, tupu kabisa, lisilo na bakteria. Unapima kwa rula, unaandika S, yaani dawa inaiweza, majibu yanakwenda wodi ya watoto wachanga. Wengi walipona.

Miaka ilivyokwenda, maduara yakapungua. Ampisilini haikuwahi kuiweza Klebsiella, hilo tulilijua. Lakini gentamaisini nayo ikaanza kushindwa, ikafuata seftriaksoni, na leo zipo wodi ambako hata meropenemu haitoshi. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Ukimwona mama anavyoondoka wodini mikono mitupu, tarakimu hizo huzisomi tena kama takwimu.

Kinachoniuma ni kwamba dawa zilipokuwa bado na nguvu, chanjo ya Klebsiella haikuonekana ya haraka. Na kazi yenyewe ilikuwa nzito. Ganda la ute la bakteria huyu lina aina zaidi ya 70, na kinga dhidi ya aina moja si lazima ikulinde na nyingine. Kuzichunguza moja moja kwa mbinu za wakati ule kungemaliza umri wa mtu.

Njia mpya ilifunguliwa na bakteria mwingine. Huko Siena, Italia, Rino Rappuoli na wenzake walihangaika na meningokoka wa kundi B, anayeleta homa ya uti wa mgongo. Ganda lake linafanana mno na sukari zilizomo mwilini mwetu, kwa hiyo halifai kwa chanjo. Wakaamua kuisoma jenomu yake yote. Kompyuta ikachambua jeni na kuteua protini zipatazo 600 zilizoelekea kukaa juu ya bakteria, mahali kingamwili zinapoweza kuzifikia. Walifanikiwa kutengeneza kama 350 na kuzijaribu kwa panya. 28 zikaamsha kingamwili za kumuua bakteria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na chanjo ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Chanjo hiyohiyo imeonekana kupunguza kisonono, ambacho bakteria wake ni ndugu wa meningokoka na kimeshazishinda dawa nyingi. Uingereza ilianza kuitoa kwa ajili hiyo mwaka 2025.

Sasa zamu imefika kwa Klebsiella. Programu za kompyuta zinasoma jeni za ganda kutoka sampuli maelfu na kutaja kila moja ni ya aina gani. Watafiti wanapiga hesabu ni aina zipi zikiunganishwa zitawakinga watoto wengi zaidi. Mpango ni kumchanja mama akiwa mjamzito, kingamwili zipite kwenye kondo, kwa sababu mtoto anayeugua siku ya pili tangu azaliwe hawezi kusubiri chanjo yake mwenyewe. Hadi leo hakuna chanjo ya Klebsiella iliyoidhinishwa. Na miundo mingi ya chanjo inayochapishwa kila mwaka huishia kwenye skrini bila kujaribiwa hata kwa panya mmoja. Hilo linanikera, maana watoto wanaendelea kufa.

Kompyuta huhesabu ilichopewa. Sampuli zetu za miaka ile zilichemshwa kwenye otoklevu zikatupwa, kwa kuwa friza ya kuzihifadhi haikuwapo, na hakuna atakayejua zilibeba maganda gani. Vijana walioko maabara za mikoa leo wanaweza kuzijua za kwao. Wapewe friza, umeme usiokatika na kemikali za kusomea jenomu, ili aina zinazowaua watoto wa hapa ziwemo kwenye hesabu kabla chanjo haijaamuliwa itabeba nini.