Fimbo za Binti Yangu

Akina mama wenzangu, mtanisamehe nikiwaandikia habari za gofu. Mimi pia nilidhani ni mchezo wa matajiri, mpaka binti yangu wa miaka 15, anayeishi kwa mjomba wake Dar es Salaam, alipoanza kuucheza katika uwanja wa jeshi wa Lugalo. Aliponisimulia habari za Madina Iddi na Angel Eaton, Watanzania waliokwenda kuchezea taifa nchi za nje, nilijivuna. Nikaamua kumnunulia fimbo zake mwenyewe.

Niliuza magunia 6 ya mahindi ya shamba letu la Masuguru. Muuzaji wa vitu vilivyotumika alinionyesha seti mbili za chuma. Moja ilikuwa na vichwa vinene vilivyochimbwa kwa nyuma, kana kwamba vimekosewa kiwandani. Nyingine ilikuwa na vichwa vyembamba, vinang'aa kama vyombo vya chumba cha upasuaji. "Hizi ndizo za mabingwa, mama," alisema. Nikalipia za mabingwa. Mwenye kuzitumia sikumwuliza.

Binti alinishukuru sana. Krismasi alipokuja nyumbani nilimwona anashindwa kukamua shuka. Nikamshika mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevimba upande wa kidole gumba.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipa zile fimbo, mama. Niliogopa kukuambia kwa sababu ya mahindi."

Nimefunga bandeji nyingi katika kazi yangu ya uuguzi, lakini ile ilinitoa machozi. Alikuwa amekwisha kumwambia mjomba wake kwamba mchezo anauacha.

Mkono ulipopoa nilikwenda naye kwa mwalimu wake. Hakunilaumu. Alieleza kwamba kichwa chembamba kinadai mpira upigwe katikati kabisa. Ukikosea kidogo tu, chuma kinajipinda na mshtuko wote unapanda mkononi. Kile kinene nilichokidharau kimepelekewa uzito pembeni, kwa hiyo kinamvumilia anayekosea. Aliyekipa sifa hiyo duniani ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, mwanzilishi wa PING, ambaye mwenyewe alianza gofu akiwa na miaka 42 na kusumbuka nayo. Mashindano makubwa ya timu za wanawake wa Ulaya na Marekani, yaliyoanza mwaka 1990, yana jina lake.

Tena, mpini wa chuma ni mzito kwa msichana ambaye bado hana kasi ya mikono. Wa nyuzi za kaboni ni mwepesi. Na fimbo za namba 3 na 4, zenye mpini mrefu na uso uliosimama, ni ngumu kuinua mpira. Anayeanza aziache kabisa, aanze na 6 hadi 9. Sheria inaruhusu fimbo 14 uwanjani, lakini hailazimishi mtu kuwa nazo zote.

Nilicheka kwa uchungu. Mama yangu hakusoma, lakini hakuna mtoto wake aliyelima na jembe jipya. Jembe jipya lilikuwa la baba. Likichakaa lilikuwa la kaka. Likibaki nusu, jepesi, mpini umekatwa ukafika kifuani pangu, ndipo likawa langu. Nami nikililia lile la baba.

Zile zinazong'aa tulimwuzia mchezaji mzoefu, kwa hasara ya karibu magunia 2. Safari hii binti ndiye aliyechagua. Alijaribu kila moja, akapiga, akatikisa kichwa, akairudisha, mimi nimekaa kimya kwenye benchi na mkoba wangu mapajani. Alipopata aliyoitaka, yenye kichwa kinene na mkwaruzo mbaya kwa nyuma, mwalimu alimwambia baada ya miaka michache wataitazama tena.

Njiani akaniuliza, "Mama, mbona mara ya kwanza hukuniuliza?"

Nikamwambia nilitaka kumshangaza. Hilo lilikuwa nusu tu ya ukweli, naye alijua.